Kugonga, Kusikiliza

Daraja hili halina jina. Lina namba,
kumi na saba, iliyopakwa rangi nyeupe kwenye jiwe la kwanza,
na mvua za miaka zimeilamba saba
ikabaki kama moja iliyochoka.
Huku nyuma ya Dagoretti, reli ikishaagana na mji
na kuanza kunong'ona na mashamba ya sukuma,
ndipo liliposimama, magoti mawili ya mawe mtoni,
mto usiojua tena kama ni maji au ni sabuni.

Baba yangu, Zakayo Adagala, alilijua kwa masikio.
Alfajiri, nyundo ya mpini mrefu begani,
alishuka chini ya boriti akagonga ribiti moja moja.
"Iliyo nzima husema ti," aliniambia.
"Iliyolegea husema twa, kama mlevi anayekana deni."
Twa ilipewa alama ya chaki. Jioni genge liliirudia na moto.
Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kushika chaki
na kutotazama chini.

Ribiti mia nne na kumi na mbili. Aliziandika daftarini
kwa penseli aliyoilowesha kwa ulimi:
upande wa mjini, upande wa Kikuyu, juu, chini,
zilizobadilishwa mwaka wa mafuriko,
maji yalipopanda hadi kwenye mataruma
na fahali wa kina Njogu akakwama nguzoni,
pembe zikitazama mbinguni.
Ukurasa wa mwisho, bila namba, pana jina: Musembi.
Hakuna kingine. Hata tarehe.
Nilimuuliza. Akafunga daftari, akaomba chai.

Kibati cha kiwanda bado kipo,
kina mwaka, kina mji wa ng'ambo walikosubu chuma.
Hakina Musembi.

Garimoshi la mwisho la mizigo lilipita Jumanne.
Hakuna aliyejua kuwa ni la mwisho, hata dereva.
Alipiga honi yake ya kila siku, watoto wakapunga mikono.
Kokoto zikaota majani.
Kisha wakaja wanaonunua chuma kwa kilo.
Usiku wa kwanza, nati.
Usiku wa pili, vyuma vya pembeni tulivyozoea kushika.
Mataruma saba hayapo; yalipokuwa, unauona mto.

Juzi walikuja vijana wawili, kofia za manjano, viatu safi.
Walipiga picha, wakapima kwa mwanga mwekundu,
wakaandika kwenye kioo: Hali, mbaya. Matumizi, hakuna.
Wakati huohuo Nduta alikuwa akivuka,
gunia la managu mgongoni, kamba kwenye paji,
akihesabu kimoyomoyo: ruka, kanyaga, kanyaga, ruka.
Nyuma yake wanafunzi. Nyuma yao mtu na baiskeli begani.
Matumizi, hakuna.

Nimebaki mimi na nyundo. Mpini nimeubadilisha mara mbili.
Leo nimeshuka chini, miaka sitini na mitatu,
magoti yakilalamika kuliko chuma.
Nagonga. Twa.
Twa. Twa.
Kutu inanidondokea kwenye kope.
Tundu lisilo na ribiti, nyigu wamelijenga.
Chaki imeisha kabla ya safu ya tatu.
Nagonga. Twa.
Ile ya mia mbili na sita, upande wa Kikuyu, chini
(daftari linasema: tuliipiga mimi na M.),
nagonga.

Ti.

Nagonga tena, si kwa kupima.

Juu, Nduta anarudi, gunia limekunjwa kwapani.
Ananiona kupitia pengo.
"Litamaliza masika haya?"
Sina kioo cha kuandikia. Namwambia:
kaa kulia, taruma la tisa usiliamini,
na watoto wavuke mmoja mmoja.